Baiskeli Dhidi ya Saa

Ribe, njia ya shambani, Preben yupo, kasimama,
Gurudumu la sahani, kwa jirani kaazima,
Nguo yabana tumboni, kwa tabu sana ahema,
Kofia ndefu kichwani, mkia umetuama.

Kwa akiba na mkopo, alinunua sekunde:
Rimu nyeusi ja popo, ndoto yake awashinde.
Lakini leo upepo, wavuma toka upande,
Popo naye ndiye popo: ataka kando aende.

Bodil kaona nambari, yapepea, pini nne.
“Toa popo, ni hatari, weka lingine, upone.”
Kwa sindano ya safari, kaishona, asinene.
Bei ya uzi? Sifuri. Sekunde? Hesabu: nane.