Mshale wa Chaki

Kila muhula wa pili nachora mshale ubaoni,
kutoka Paris kwenda kusini, tena ng'ambo ya bahari,
na mshale huo ni msichana.
Kitabu kinasema aliolewa mara tatu kwa ajili ya amani.
Kitabu chenyewe kimechoka, jalada limeshikwa na plasta ya kidonda,
zawadi ya watu wasioijua Hoima.
Binti mfalme wa Ufaransa, aliposwa angali na mapengo.

Leo Kobusinge, wa dawati la nyuma, karibu na dirisha bovu,
akauliza: "Mwalimu, na yeye alisema nini?"
Nikatazama ukurasa. Nikageuza.
Mfalme alisema. Askofu alisema.
Hata farasi aliyembeba ametajwa rangi.
Chaki ikanivunjikia mkononi.

Basi nikaifunga Ufaransa, nikamtaja Nyamahunge,
ambaye sikufundishwa chuoni;
nimefundishwa na shangazi zangu tukipepeta ulezi.

Alikuwa na miaka tisa. Baba yake alitawala vilima vitatu,
vilima tu, lakini ngoma yake ilijiona kubwa.
Wahunzi wa Buhaguzi walikuwa na chuma, yeye alikuwa na binti:
majembe mia mbili yakapanda kilima,
mtoto akateremka.
Mume alikuwa na kikohozi cha moshi wa tanuru.
Mvua mbili, akafa. Majembe hayakurudi. Binti alirudi.

"Kilichouzwa mara moja kinajua njia ya soko,"
husema shangazi mkubwa, naye hacheki.

Mara ya pili akavushwa Nile,
kwa mtawala ambaye lugha yake ilimpita masikioni kama upepo.
Neno la kwanza alilojifunza lilikuwa maji: pii, pii,
maana kiu haingoji mkalimani.
Akamzalia wana wawili. Vita vikaja vivyo hivyo,
kaka zake upande huu, mumewe upande ule,
naye katikati, hajui aombe mkuki upi upotee njia.

Mara ya tatu, aliyeshinda alitwaa ngoma, ng'ombe, na yeye,
kwa mpangilio huo. Shangazi huvihesabu kwa vidole.
Wanawe wakabaki ng'ambo, rehani.

Na katika nyua zote tatu, sikilizeni,
walimwita Mke wa Chuma, Mke wa Mto, Mke wa Mshindi.
Hakuna aliyemuuliza empaako yake,
lile jina la mapenzi ambalo hata mgeni wa kuomba moto
huulizwa kabla hajapewa kaa.
Likalala ndani yake, punje ya ulezi katika ufa wa ghala.

Mvi zilipoanza kumtoka
mshindi akaanza kutafuta wa kumpelekea.
Usiku huo aliteremka genge la Kibiro kwa matako na viganja,
gunda la walinzi likilia juu, likimwita kwa majina yasiyo yake,
hadi kule maji yachemkapo bila kuni
na mashamba ya chumvi ni ya wanawake,
mama humwachia binti.

Mwanamke mmoja, miguu imepauka hadi magotini,
hakumuuliza ni binti wa nani, wala mke wa nani.
"Empaako yaawe?"
Mdomo ulichelewa. Ulimi ulitafuta mlango.
"Abbooki."
"Haya Abbooki, shika upande huu wa chungu."

Kengele ikalia. Viti vikakwaruza sakafu.
Kobusinge akabaki, kalamu juu ya daftari.
"Mwalimu, haya yamo kwenye mtihani?"
Hayamo.
Akaandika hata hivyo.

Nilifuta ubao kwa kitambaa kikavu, kisha kwa mate ya kidole.
Mshale haukutoka wote.
Ulibaki ukungu mweupe, kama udongo wa Kibiro jua likishauchoma,
na mimi, mwenye funguo za darasa,
nikauacha.