Kitanda cha Podo

Ambakisye karudi kutoka msituni Rungwe,
koti linachuruzika, daftari kalifunga kwa nailoni.
Mwaka juzi, bonde lile, aliandika thelathini na wanne.
Leo kaandika tisa,
kisha akapiga mstari chini ya tisa
kama mwalimu asiyeamini jibu la mtoto.

Sikumwuliza. Nilimmiminia chai.

Utotoni, hapa hapa Isongole,
kipunji ndiye aliyetuamsha.
Sauti yake si ya mbwa, si ya bata,
ni kitu cha katikati, kikavu, chenye hasira kidogo.
Akibweka, baba anainuka,
anautwika msumeno begani, anaingia kwenye ukungu.

Msumeno ule ulitulisha, sikatai.
Ulinilipia sare. Ulimzika bibi kwa heshima.
Na kitanda hiki ninacholala na Ambakisye
ni podo tupu, mbao pana zisizo na fundo,
mti walimolala wao,
jike na mwana kifuani.

Usiku, mvua ikichapa bati,
nageuka upande. Kitanda kinalia.
Ambakisye, usingizini, anainua kidole:

"Kumi."