Kutoa Uzito wa Gunia

Alisema nimemwibia. Kavugho wa Ndosho,
mjane mwenye jicho la kuhesabu misumari,
aliniita kabla rangi haijakauka:
"Fundi, ukuta mmoja, weupe wa aina mbili?
Hapa mlangoni, maziwa. Kule nyuma ya nailoni..."
Akasita. Akatazama tena.
"Kule nako maziwa. Lakini si maziwa haya."

Nailoni ile aliitundika barazani
vumbi la mlima lilipoanza kuingia sufuriani.
Imekula moshi wa makaa miaka mitatu,
sasa ni chai ya rangi iliyoanikwa kwenye kamba.

Sikubishana. Nilitoa risiti ya ndoo mfukoni,
nikaiviringisha, bomba jembamba kama kidole.
Fumba jicho moja, mama. Chungulia.
Kipande cha ukuta, peke yake, bila jirani:
kijivu.
Kijivu cha jiwe la volkano lililokosa mvua.
Akaondoa bomba, ukuta ukarudi mweupe.
Akalirudisha: kijivu.
Mara tano, mara sita, kama mtoto na swichi
usiku umeme uliporudi.

"Sasa nani mwongo, karatasi au jicho?"

Mimi sikusoma fizikia. Nimesoma kuta.
Lakini namjua muuza maharage wa Birere:
hupima pamoja na gunia, kisha hutoa gunia
kichwani mwake, midomo imefungwa,
na hakuna anayemwona akitoa.
Jicho nalo ni la sokoni.
Linaona ukingo wa nailoni unapoishia,
linaona mstari wa matofali ukipita chini yake
bila kukatika, nusu nje, nusu ndani,
linajua: giza hili ni la pazia,
linalikata, linakukabidhi ukuta wako.
Ila bomba limeficha ukingo.
Bila ukingo, gunia halina uzito unaojulikana,
na jicho linautwisha ukuta mzigo wote.

Hakujibu. Alikuwa ameshaingia ndani na risiti yangu.
Nilimwona dirishani, jicho moja limefumbwa,
mbele ya picha ya marehemu Katembo
ambayo kioo chake kimeota ukungu.
Alisimama pale muda wa kuchemsha maji.
Rangi aliyoiona hakunitajia.

Alipotoka alinilipa yote
isipokuwa franka mia tano.
Za nailoni, alisema.