Mahali Inapolala

Mlingoti wangu uko nyuma ya zizi la mbuzi.
Umebeba antena tatu: waya mrefu wa kusini-magharibi,
mwingine uliokunjwa kama paa la kibanda,
na fimbo ya alumini ya fundi wa madirisha.
Antena tatu, kebo moja.
Kutoka dirishani hadi pale ni mita sitini na mbili;
kebo tatu zingemeza ada ya muhula mzima.

Oburu wa Mbale aliniambia hewani:
Agiza, dada, zipo zilizokwisha tengenezwa,
unabonyeza kitufe umekaa, kule nje inachagua.
Nikauliza bei. Akaitaja.
Nikauliza ushuru wa Malaba.
Mchakacho ukajibu kwa niaba yake.

Basi nikaenda gereji kwa Wabwire,
nikang'oa rilei nne kwenye lori lililokufa,
tatu kwa pesa, ya nne bure, maana imechubuka.
Mezani nikazigusisha betri ya bodaboda:
ta. Ta. Ta.
Ya nne ikasita, kisha ta.

Sauti hiyo niliijua kabla ya redio.
Baba alikuwa mshika pointi, stesheni ya Tororo;
mkono wake wa kulia ulinenepa kuliko wa kushoto
kwa kuvuta wenzo: huku Jinja, huku Mbale.
Hakuwa mtu wa maneno,
wala, tuseme kweli, hakuwa mtu wa kukesha.
Usiku mmoja mabehewa mawili ya saruji yalikatika,
yakateremka bila taa, bila dereva,
na baba yuko ndotoni, kofia usoni.
Lakini kabla ya kusinzia
alikuwa ameiacha pointi ikitazama kichangani,
kwenye reli fupi isiyokwenda kokote.
Asubuhi magurudumu yamezama mchangani
na jukwaani abiria wanakunywa chai.
Wakubwa walimkata mshahara wa wiki mbili kwa kulala.
Kwa jinsi alivyoiacha pointi
hawakumpa hata sigara.

*Nyaketcho,* aliniambia siku hiyo,
*swichi usiiulize inafanya nini ikiamka.
Iulize inalala wapi.*

Nami nilikuwa nimeunga vibaya:
bila umeme, rilei zililalia waya mrefu,
kipenzi changu, ule unaonipatia Kitwe alfajiri.
Nikachoma risasi upya, nikageuza miguu yote.
Sasa zikikosa umeme, antena zote tatu
zinakanyaga shaba nene, shaba inakanyaga nondo,
na nondo zimezama kwenye udongo
ninaoumwagia maji ya kuoshea vyombo uwe mbichi.
Ile iliyochubuka nikaiweka dirishani
itenge kebo na redio.
Betri nikaikataa kabisa. Umeme wa ukutani tu,
ule unaokimbia kila mawingu yakikohoa.

Kopo la plastiki, kifuniko kwa chini,
tundu moja la kutolea jasho.
Wiki ya kwanza nyigu wakahamia.
Wiki ya pili, kipande cha neti ya mbu.

Machi. Jiwe la Tororo likageuka jeusi saa kumi,
nami nikasema, dakika tano tu, nimsikilize mtu wa Kitwe,
na swichi imeamka, na waya mrefu uko wazi
kama mdomo wa mtu aliyelala.
Nikasinzia.
Ndiyo. Damu ya yule mzee.

Kilichoniamsha ni ile ya nne.
Umeme ulikuwa unafifia, nayo inatetemeka dirishani,
ta-ta-ta-ta, haijui iende au ibaki,
nami mkono mzito, kitufe mbali.
Kule nje mvua; zile tatu siwezi kuzisikia.
Taa ikakata roho.
Ta.
Ndipo mbingu ikapasuka.

Asubuhi fimbo ya alumini imepinda,
neti imeyeyuka, nyigu hawana kwao,
mbuzi mmoja anakataa kurudi zizini.
Redio nzima.

Yule wa Kitwe akauliza, Ulipotelea wapi jana?
Nikamjibu, Kichangani.
Akasema, Rudia, sijakupata.

Nikarudia.