Koni Nane na Punje Kadhaa

Hakimu hakuwa mkali. Hilo nilisema hata nyumbani.
Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai,
akasema: laki tatu, au miezi sita.
Ile "au" aliitamka taratibu,
kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Kosa: magunia mawili ya mkaa, msitu wa Rau.
Anaeli alikiri. Angekataaje
na masizi yangali kwenye kucha?

Aliyemtangulia kizimbani alikuwa mwenye lori,
magogo ya mvule thelathini na moja.
Faini yake ilikuwa na masifuri mengi, sikuyashika yote.
Akatoa simu, akabonyeza, akauliza
kama risiti inatoka leo.
Ilitoka leo.
Kwake "au" haikuwa neno. Ilikuwa kikohozi.

Mimi nauza karanga, Kiboriloni.
Mwanangu wamempeleka Karanga.
Wanaocheka siwalaumu, hata mimi nilicheka,
usiku, peke yangu, kanga mdomoni.

Koni moja mia mbili.
Laki tatu ni koni elfu moja na mia tano,
iwapo karanga mbichi zingeota sakafuni,
iwapo mkaa wa kukaangia ungekuwa wa bure.
Mkaa nanunua kopo kwa kopo.
Siulizi umetoka wapi.

Wa jumuiya walichanga elfu kumi na nane.
Shemeji alichanga ushauri.
Mbuzi alikwisha kuuzwa tangu kesi inatajwa,
akaishia kwenye nauli.

Karani, binti wa watu, Mungu amtunze,
alinivuta pembeni: Mama, lipa hata kidogo,
kila unachoweka kinamega siku zake.
Akapiga hesabu nyuma ya bahasha.
Siku moja ya Anaeli: elfu moja mia sita sitini na kitu.
Koni nane, na punje kadhaa za koni ya tisa.

Tangu hapo namnunua mwanangu kwa mafungu,
kama nyanya.
Siku ya soko nilimpata siku mbili na usiku wake mmoja.
Jumatatu ya mvua nikapata robo:
kuanzia kengele ya kuamka
hadi uji.

Karatasi ziliniishia. Nikachana daftari lake la darasa la sita.
Mama mmoja alitafuna huku akisoma,
akanionyesha: "Gawanya kwa usawa."
Chini yake vema, kwa wino mwekundu.

Jana kijana wa benki alinunua koni nane,
za wenzake ofisini. Akatoa elfu mbili,
chenji kaa nayo, mama.
Nilimtazama akivuka barabara
na siku nzima ya mwanangu kwenye mfuko wa koti,
punje zikimdondoka.
Sijui ilikuwa siku gani.
Nadhani Alhamisi.