Nukta Iliyoacha Barabara

Ramani hii niliichora mwenyewe, miezi mitano,
katika chumba cha nyuma cha ofisi, barabara ya Kasapa,
feni ikinung'unika, umeme ukija na kuondoka
kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.
Kila kontena nililipatia nukta yake:
ya kijani ikitembea, ya njano ikisimama,
nyekundu ikikawia kuliko subira ya mteja.

Asubuhi Bwana Ngandwe huja na kikombe chake,
husimama nyuma yangu, haketi.
"Fungua Kasumbalesa," husema,
nami natanua vidole, nchi inavimba
mpaka foleni ya malori inatokeza,
shanga nyekundu kwenye uzi mmoja, kilomita kumi na nne.
Yeye anahesabu dola.
Mimi nawaza madereva wanaosonga bukari
chini ya matela, usiku wa tano, wa sita.
Hao sikuwawekea alama.

Jumanne ile, nukta mia nne na kumi na saba
ilitoka kwenye foleni.
Haikuvuka kwenda Zambia. Haikurudi Likasi.
Iliingia porini
kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa.

Lori gani hutembea kama mtu?

Nikampigia dereva.
"Twite, uko wapi?"
"Pale pale, chefu. Mbele yangu chokaa, nyuma yangu chokaa."
"Na kontena?"
"Nimelibeba. Lakiri haijaguswa."
Akashuka, akazunguka na tochi, nikasikia kokoto chini ya viatu vyake.
Kilichobanduliwa ni kile kisanduku cha sumaku tu,
kikubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia.
"Jana usiku," akasema, "kulikuwa na watoto wanauza maji."

Lakini ramani haijui kisanduku. Inajua namba.
Basi saa moja asubuhi
tani ishirini na sita za shaba zilikwenda shule.
Zikakaa huko mpaka saa sita na nusu.
Zikashuka mtoni.
Alasiri zilikimbia kwenye kiwanja kitupu,
huku, kule, huku tena,
zikasimama ghafla (goli, au ugomvi),
na usiku zililala chini ya bati
ambalo kwa macho ya setilaiti ni punje ya mchele.
Jumapili hazikusogea kwa saa nne.
Mhubiri wa huko naye, sijui kama ana saa.

"Futa hiyo," akasema Bwana Ngandwe.
"Mteja hawezi kuona shaba yake inacheza mpira."
Nikafuta.
Yaani niliificha kwenye tabaka ninalolifungua mimi peke yangu,
nikaipa buluu,
rangi ambayo sikuwa nimeipangia maana.

Mdogo wangu Kabwita alivuka mpaka huo
akiwa na miaka kumi na sita, juu ya magunia ya mtu.
Mwaka wa nane sasa. Mama bado huniuliza,
wewe mwenye mashine inayoona hadi bandarini,
na mimi humweleza habari za betri, za mtandao,
mpaka achoke, aende kuangalia maharage yake.

Twite alivuka siku ya kumi na moja.
Shaba ikafika Durban, ikapanda meli,
nukta mpya, kijani safi, ikaanza kukata bahari.
"Mia nne na kumi na saba imefika?"
"Imefika, Bwana."
Akanywa chai yake, akaondoka.

Nikafungua buluu.
Betri asilimia tisa. Kesho yake sita.
Nilifikiria kumtuma mtu apeleke waya wa kuchajia,
nikacheka peke yangu, Mado wa uhasibu akageuka kunitazama.
Mbili.

Alama ya mwisho ni ya Alhamisi,
saa saba kasoro dakika ishirini:
imeshatoka shule,
haijafika mtoni.