Zilizoharibika

Nilisahihisha makala zake tangu gazeti letu
lilipokuwa kurasa nne na wino wake kubaki vidoleni.
Lamzira Gvritishvili hakujua kuweka mkato.
Alijua kuuliza.
Aliuliza manganizi yetu inauzwa bei gani bandarini Poti,
na kwa nini mto Kvirila unapita Chiatura mweusi
kama chai iliyosahauliwa jikoni.
Meya alimjibu kwa keki, siku yake ya kuzaliwa.
Hakuila. Aliiandika: uzito wake, jina la mwokaji,
risiti iliyolipwa na idara ya maji.

Usiku aliandika uongo.
Yeye mwenyewe ndivyo alivyouita:
“Mchana nina ushahidi, usiku nina Pepela.”
Pepela, mjane wa riwaya yake,
amekwama katika behewa la kamba, juu ya bonde,
tangu siku umeme ulipokatika,
na hashuki.
Miaka kumi na mmoja hashuki.
Anafuma soksi, anaziteremsha kwa uzi,
kila soksi na barua yake kwa serikali.

Nilimwambia: mtu haishi hewani miaka yote hiyo.
Akanitazama.
“Kwani wewe unaishi wapi?”

Alipochukua fomu ya umeya, mhariri alimwita:
mshika mbili, moja humponyoka.
“Hamkuningoja iniponyoke,” akasema,
maana barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari mezani,
na nilikuwa nimeisahihisha mimi.

Akapanda maghorofa yasiyo na lifti,
faili kwapani: mabomba, mishahara,
vumbi lililopimwa katika mapafu ya wachimbaji.
Watu walimkaribisha, wakamkatia mkate wa jibini,
wakalisogeza faili kando, kwa adabu, lisipate mafuta.
“Hayo tunayajua, mama.
Tuambie, Pepela atashuka lini?”

Alirudi kwangu viatu mkononi.
“Miaka kumi na tisa nimewapa ukweli,
wakautandika kwenye benchi lenye umande, wakaukalia.”
Sikuwa na neno. Nikamwekea mkato,
yaani nilinyamaza kidogo, apumue.

Oktoba. Kituo namba saba, shule ya muziki,
piano imefunikwa turubai, masanduku juu yake.
Niliapishwa kuhesabu.
Meya, mia nne na sita.
Lamzira, mia tatu themanini na tisa.
Kisha zilizoharibika.
Moja ina tusi. Moja imechorwa punda, amechorwa vizuri.
Nyingine thelathini na nane, hati za mikono inayotetemeka,
kalamu ya bluu, penseli, hata wanja,
wameongeza mstari chini ya majina
na kwenye mstari: Pepela.

Nilihesabu mara tatu.
Sheria haina riwaya. Nikagonga muhuri:
batili, batili, batili,
mpaka wakala wa meya akaacha kutabasamu
akaniuliza huyo Pepela ni wa chama gani.

Nilimpigia Lamzira usiku ule. Alikaa kimya,
kisha akauliza kama walilipatia jina.
Mmoja alikosea herufi, nikasema.
“Na hukumsahihisha?”
Sikujua kama anacheka.

Leo asubuhi, stesheni ya zamani,
soksi moja ya kijivu inaning’inia kwenye waya.
Nilitazama huku na huku, nikatia mkono.
Nilipapasa mpaka kisiginoni.